Kusahau Baada ya Kiharusi: Damu Inaweza Kutueleza Nini?



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linalosumbua nyumba nyingi za Kibaha na Kisarawe, ingawa watu huona haya kulisema. Mgonjwa wa kiharusi anapona mkono na mguu, watu wanafurahi, kumbe kumbukumbu yake haijarudi.

Familia moja ya Kisarawe ilimleta baba yao hospitalini. Alikuwa amepata kiharusi miezi sita nyuma, na sasa alitembea bila fimbo. Lakini nyumbani hapakuwa na amani. Aliuza mihogo ya shambani kwa mchuuzi mmoja, akapokea fedha, na wiki iliyofuata akaiuza mihogo ile ile kwa mwingine. Kisha alimtuhumu mkewe kuwa ameiba fedha ambazo yeye mwenyewe alizificha chini ya godoro. “Shikamoo mama,” binti yake aliniambia. “Tunaomba mmpime damu yote. Wengine nyumbani wanasema amerogwa, wengine wanasema anafanya makusudi.”

Hakurogwa, wala hakufanya makusudi. Tuone ni kwa nini.

Ubongo umeumia

Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au unapopasuka. Sehemu ya ubongo hukosa damu na kufa. Ikiwa ni sehemu inayoongoza mkono, mkono hulegea. Ikiwa ni sehemu ya kumbukumbu au ya kupanga mambo, mtu husahau, hufikiri polepole, hukasirika upesi au hushindwa kuhesabu fedha. Tena, shinikizo la damu la miaka mingi huharibu mishipa midogo kidogo kidogo, bila maumivu yoyote. Kwa makadirio ya tafiti nyingi duniani, karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hubaki na tatizo la kumbukumbu au la kufikiri.

Wala tusidhani kiharusi ni ugonjwa wa nchi za mbali. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi vipya katika Wilaya ya Hai na katika Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai walipata karibu watu 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam karibu 316. Nasi wa Kibaha na Kisarawe ni majirani wa Dar es Salaam.

Damu inasema nini?

Ndugu wengi hutumaini kwamba maabara itatoa jibu moja. Ukweli ni kwamba hakuna kipimo cha damu kinachoweza kusema, “Huyu atasahau, yule hatasahau.” Hata hivyo damu ina kazi mbili kubwa.

Kwanza, hutuonyesha magonjwa mengine yanayoongeza kusahau na ambayo yana tiba. Hayo ni kama upungufu wa damu, sukari kushuka au kupanda mno, chumvi za mwili kuvurugika, tezi ya shingo kufanya kazi kidogo, ukosefu wa vitamini B12, kaswende, na virusi vya UKIMWI. Mtu akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, apelekwe hospitali upesi. Huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka au kiharusi kipya.

Pili, hutuonyesha hatari ya kiharusi kingine. Tunapima sukari, mafuta ya damu na kazi ya figo. Kila kiharusi kipya huweza kuondoa sehemu nyingine ya kumbukumbu, kwa hiyo kukizuia ndiyo njia kubwa ya kuilinda ile iliyobaki. Kwa watoto wetu, kipimo cha sikoseli ni muhimu, kwa kuwa ugonjwa huo huweza kuleta kiharusi hata kwa mtoto, naye akaanza kurudi nyuma darasani.

Vipo pia vipimo ambavyo wataalamu wanavichunguza, kama CRP inayoonyesha uvimbe mwilini, homosisteini, na nyurofilamenti ambayo huingia katika damu nyuzi za ubongo zinapoumia. Katika makundi makubwa ya wagonjwa, vipimo hivi vikiwa juu mara nyingi kumbukumbu huwa mbaya zaidi. Lakini kwa mgonjwa mmoja mmoja havitoshi kutabiri. Msiuze mbuzi ili kuvilipia.

Nasema hivyo kwa sababu. Homosisteini hushuka mtu akimeza vitamini za kundi B, basi wengi walitumaini kuwa hiyo ndiyo dawa. Wagonjwa zaidi ya 8,000 katika nchi 20 walijaribiwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2010. Homosisteini ilishuka, lakini faida ya kuzuia kiharusi haikuthibitika. Uchambuzi wa mwaka 2013 haukuonyesha kwamba vitamini hizo zililinda akili. Ni vizuri kumpa vitamini anayepungukiwa, lakini chupa za bei kubwa zinazouzwa kwa kila mtu kuwa ni “dawa ya ubongo” ni za kuacha.

Kumbukumbu hupimwa kwa maswali

Kwa kumbukumbu yenyewe tunamwuliza mgonjwa. Huko Hai wataalamu walisaidia kutengeneza kipimo kinachowafaa hata wazee wasiojua kusoma. Mzee huulizwa siku ya wiki na jina la mwenyekiti wa kijiji, hutaja wanyama, hukumbuka maneno aliyosomewa, na hupanga njiti za kiberiti kwa mfano alioonyeshwa. Nasi tunawauliza ninyi mnaoishi naye: Je, bado anajua kutumia fedha? Anameza dawa zake mwenyewe? Amebadilika tangu lini?

Angalieni pia mambo mawili yanayofanana na kusahau. Mgonjwa anaweza kuwa na akili timamu ila maneno hayatoki kwa sababu sehemu ya usemi imeumia. Au anaweza kuwa na huzuni kubwa, hataki kula wala kuzungumza. Yote mawili hutibiwa kwa njia yake.

Nyumbani tufanye hivi

1. Mtu mmoja asimamie dawa za mgonjwa kila siku. Anayesahau humeza mara mbili au hamezi kabisa.
2. Dawa za shinikizo zisiachwe kwa sababu “amepata nafuu”. Kipimo kikiwa kizuri, ni kwa sababu dawa inafanya kazi.
3. Aspirini asipewe mpaka daktari aagize. Humsaidia ambaye mshipa wake uliziba, lakini inaweza kumdhuru ambaye mshipa wake ulipasuka.
4. Vitu vyake vikae mahali pamoja. Mwambieni jambo moja kwa wakati mmoja, kwa sauti ya upole.
5. Mambo ya fedha na shamba yafanywe mbele ya ndugu anayeaminika.
6. Punguzeni chumvi, aache sigara na pombe, atembee kila siku awezavyo.
7. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, msingoje kesho. Nendeni hospitali saa hiyo hiyo.

Yule baba wa Kisarawe tulimpima. Damu ilikuwa pungufu, na shinikizo lilikuwa juu sana. Vidonge vya mwezi mzima vilikuwa karibu vyote bado mfukoni, kwa maana kila asubuhi aliamini ameshameza. Binti yake akachukua kazi ya kumpa dawa, na upungufu wa damu ukatibiwa. Baada ya miezi mitatu alikuwa mchangamfu zaidi, ingawa majina ya wajukuu bado yanampotea. Sikuwaahidi kwamba yote yatarudi.

Lakini siku hiyo mama, mkewe, aliniambia jambo moja: “Sasa najua si yeye aliyeniita mwizi. Ni ugonjwa.” Walitoka wameshikana mikono. Basi, wapendwa, kama nyumbani kwenu yuko mzee wa namna hii, mleteni apimwe kabla hamjamhukumu.