Mkindu wa Kingo za Tana

Msitu wa kingo za mto Tana, sehemu yake ya chini nchini Kenya, ni ukanda mwembamba. Ukitembea kidogo kutoka ukingoni, kivuli kinakwisha na unaingia nyika kavu ya vichaka. Mvua ya huku, Kulesa na Garsen, haitoshi kulea msitu mnene. Miti huishi kwa maji ya mto yanayopenya chini ya udongo na kwa mafuriko yanayoleta tope lenye rutuba. Katika ukanda huo, pamoja na mikuyu mikubwa, umo mkindu, na kwangu mimi hakuna mti unaoeleza vizuri zaidi jinsi watu na msitu huu wanavyotegemeana.

Mkindu ni ndugu wa karibu wa mtende. Hauoti peke yake bali kwa kichaka: vigogo vyembamba kadhaa kutoka shina moja, vikiinamia huku na huku, na machipukizi mapya yakijitokeza chini. Kuna mkindu dume na mkindu jike, na jike ndiye azaaye. Matunda huning'inia kwa vishada, ya rangi ya chungwa, kisha hugeuka kahawia yakiiva. Nyama yake ni chache, kokwa kubwa, lakini ni tamu, na watoto wa vijijini hawahitaji kufundishwa hilo.

Thamani kubwa kwa Wapokomo, wakaao kingoni mwa mto huu, na kwa watu wengine wa pwani imo katika majani. Msusi hachukui jani lililokwisha kuchanua. Hutafuta kuti changa lililojikunja bado, lililosimama katikati ya kilele. Hulichambua, huliondoa miiba ya chini, hulianika juani mpaka liwe jeupe, kisha huuchana ukindu huo kuwa nyuzi za upana mmoja. Zinazotakiwa rangi huchemshwa pamoja na rangi. Nyuzi husukwa kuwa ukili mrefu, na ukili hushonwa pande kwa pande mpaka mkeka utimie. Mkeka wa ukindu ni laini kuliko wa miyaa, ndiyo maana hutandikwa kitandani na mbele ya wageni. Vigogo navyo hutumika kujengea nyumba.

Watu wanaoutumia mkindu wana mshindani. Katika misitu hii anaishi nyani aina ya mangabe wa Tana, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani, naye hula matunda ya mkindu pamoja na kokwa zake. Mwaka 1992 mtafiti Margaret Kinnaird alichapisha utafiti kuhusu ushindani huo baina ya watu na nyani. Hifadhi ya wanyama hao ilitengwa mwaka 1976, lakini misitu mingine, ikiwamo ya upande wa Kulesa, imebaki nje ya mipaka yake, mikononi mwa wenyeji.

Kukata mkindu kwenyewe si kosa. Yategemea sehemu inayokatwa. Kila kigogo kina kichipukizi kimoja tu cha kukua, kileleni. Ukitwaa kuti changa moja na kukiacha kichipukizi hicho, kigogo kitatoa lingine. Ukikata kilele, kigogo hicho kimekufa, hata kama shina litaleta machipukizi, na itapita miaka kabla ya chipukizi kuzaa. Hapo ndipo ugemaji wa tembo, pombe ya utomvu wa mti, unapoumiza. Mgema wa mnazi hukata ncha ya ua, na mnazi huendelea kuishi. Mgema wa mkindu huchimba kileleni penyewe. Kwa maoni yangu, lawama za uharibifu huwaangukia mno wanawake wenye mikeka, ilhali wao ndio wenye sababu ya kutaka kigogo kibaki hai.

Juu ya yote kuna maji. Mabwawa ya umeme yaliyojengwa sehemu ya juu ya mto, likiwamo la Masinga lililokamilika mwaka 1981, yamebadilisha mafuriko yaliyozoeleka huku chini. Nao mkindu hupenda udongo wenye unyevu, hivyo mabadiliko hayo yanaugusa.

Kuupanda ni rahisi. Chagua chipukizi lenye mizizi yake, litenge na shina mama, ulipande mahali penye unyevu na ulimwagilie mpaka lishike. Kokwa nazo huota, ila hutajua dume na jike mpaka miti ichanue maua. Kwa hiyo anayetaka matunda apande kadhaa kwa pamoja, au achukue machipukizi ya jike anayemjua, penye dume jirani.