Je, Wajua? Ngazi ya Gari-Nyumba Huamriwa na Sumaku

Ngazi ya umeme ya gari-nyumba, yaani gari kubwa lenye vitanda na jiko linalotumiwa sana Marekani na Kanada kwa safari ndefu, kwa kawaida huamriwa na sumaku ndogo iliyofungwa mlangoni: mlango unapofunguliwa, sumaku huachana na swichi iliyo kwenye fremu, na kisanduku cha udhibiti, ambacho ndicho huamua mota izunguke upande gani, huitoa ngazi nje.

Ngazi inapogoma, wenye magari wengi hukimbilia kununua mota mpya, ilhali mara nyingi kasoro imo kwenye betri ya volti 12 iliyopungua nguvu au kwenye waya wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye chesisi, ambao hukaa chini ya gari ukirushiwa maji, tope na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, hadi ncha yake ikashika kutu. Kutu hiyo ni hadaa kubwa kwa fundi, kwani kipima volti huonyesha umeme kamili mota ikiwa imetulia, lakini mota ikianza kuvuta, volti hushuka ghafla na ngazi hubaki pale pale. Kipimo cha kuaminika, basi, ni kile kinachochukuliwa wakati ngazi inaamriwa kusogea.

Kabla ya kuingiza mkono kwenye vyuma vya ngazi, fyuzi yake sharti ichomolewe, kwa kuwa mota hiyo ina nguvu ya kuponda vidole.