Je, Mkristo Aweza Kuingia Chama cha Siri?



Swali la leo huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya Misa, watu wengine wakiisha kwenda zao: Mkristo aliyebatizwa aweza kuingia chama cha siri, naye akaendelea kupokea Ekaristi Takatifu? Jibu la Eklezia ni hapana. Lakini mtu mzima apenda kujua sababu ya neno hilo. Basi tuitafute.

Tuweke mfano. Kuna mvuvi wa ndagala, mume wa mke mmoja, baba wa watoto watano. Wavu wake umetoboka, taa zimechakaa, na mwanawe amemaliza shule asipate kazi Kalemie. Jioni rafiki amjia, amwambia: “Tuko ndugu wengi, wakubwa na wadogo. Ukiwa wetu hutakosa msaada. Ukifa, tutakuzika kwa heshima. Ila uje usiku, usimwambie mkeo, na kwanza uape ya kuwa hutafunua jambo lolote utakaloliona.” Mvuvi auliza: “Jambo gani?” Rafiki acheka: “Utalijua ukiisha kuapa.”

Angalieni hapo. Kutaka msaada si kosa. Wala siri yenyewe si kosa: kila nyumba ina mambo isiyoyatangaza sokoni, na Padri hafunui neno la kitubio hata akitishwa kuuawa. Lakini ahadi ile ya Padri yajulikana na wote, na yeye aliijua kabla hajapewa daraja. Mkatekumeni naye hufundishwa kwanza. Kardinali Lavigerie aliwaagiza wamisionari wake wafundishe miaka minne kabla ya kubatiza. Ndipo mtu aulizwe mbele ya watu wote kama amkataa Shetani na kama amsadiki Mungu. Ajua anachoahidi. Mvuvi wetu aambiwa aape kwanza, ajue baadaye. Yaani amwite Mungu awe shahidi wa jambo lililofichwa. Je, kesho akiamriwa kumficha mwizi? Au kumnyima mjane haki yake kwa sababu mshtaki wake ni ndugu wa chama? Dhamiri yake amekwisha kuifunga, na ufunguo ameushika mtu mwingine.

Tena kuna mke. Tangu siku ya ndoa hao wawili ni mwili mmoja. Sasa usiku mume atoka, arudi alfajiri, na kila swali lajibiwa kwa ukimya. Nyumba ya namna hiyo haikai na amani.

Mambo haya si mageni kwetu. Watabwa na majirani zao hata ziwa Mweru walikuwa na chama cha Butwa. Kiliwapokea wanaume na wanawake, kilikuwa na ngoma na nyimbo zake, kiliwazika watu wake, na mambo ya kuingizwa kwao hayakuambiwa mtu wa nje. Waluba walikuwa na Bambudye, waliotunza habari za wafalme. Ubao wao uitwao lukasa, uliopambwa kwa shanga, ulisomwa na waliofundishwa tu. Wamisionari walikipinga chama cha Butwa. Lakini tusiseme ya kuwa kila jambo la wazee lilikuwa uovu. Kukumbuka ukoo, kuheshimu mazishi na kusaidiana ni mema. Padri Stefano Kaoze, mtoto wa Watabwa, Padri wa kwanza wa Kongo, aliyepewa daraja mwaka 1917, aliandika habari za mawazo na desturi za watu wake, zikachapwa, kila ajuaye kusoma azisome. Mema ya wazee yaweza kusimama mwangani.

Wazungu nao wana vyama vyao. Kinachojulikana zaidi ni cha Wafaramasoni, ambao zamani za utawala wa Wabelgiji walikuwa na nyumba zao hata Stanleyville na Elisabethville. Baba Mtakatifu Klementi XII aliwakataza waamini kuingia humo mwaka 1738, na Leo XIII aliandika barua ndefu juu yao mwaka 1884. Sheria ya Eklezia ya mwaka 1917 iliwatenga walioingia. Sheria mpya ya mwaka 1983 haikuwataja kwa jina, na wengine wakafurahi, wakadhani mlango umefunguliwa. Haukufunguliwa. Tarehe 26 Novemba mwaka ule ule, Roma ilitangaza ya kuwa katazo limebaki: aliyeingia yumo katika dhambi kubwa, haruhusiwi kupokea Komunyo. Mwaka 2023 askofu mmoja wa Filipino aliuliza tena, akapata jibu lile lile.

Je, na likelemba, mnapotoa fedha kila juma na kumpa mmoja kwa zamu? Na chama cha wavuvi, au cha akina mama wa soko? Ingieni bila hofu. Hesabu yao huonekana, mkutano wao hufanyika mchana, na atakaye kutoka hutoka.

Neno moja ni chungu, lakini tuliseme. Wengine huenda kwa vyama vya siri kwa sababu sisi hatukwenda kwao. Mkristo akifiwa, akalala matanga na jamaa wachache tu, huku wa jumuiya yake wakisubiri Jumapili kumpa pole, asishangae mtu akisikia kwamba amepata ndugu wengine. Waliomletea ubao wa jeneza ndio aliowaamini.

Na yule aliyekwisha kuapa afanyeje? Wengi huogopa: “Nikivunja kiapo nitakufa.” Kiapo hakimfungi mtu kutenda mabaya. Herode aliapa mbele ya wageni wake, akaona haya kurudi nyuma, na Yohane Mbatizaji akauawa. Kosa lake la pili lilikuwa kutimiza lile la kwanza. Basi mtu huyo aache chama, aende kwa Padri, aungame. Kama ana vitu vya chama, asivitupe ziwani kwa hofu, ashauriane na Padri kwanza. Mkatekista akiletewa habari hizi asizijadili barazani wala asimtaje mtu. Ampeleke mwenyewe, na kama njia ni ndefu, afuatane naye.