Kamera mbili langoni: pesa ya ulinzi iende wapi Gisenyi

Fundi wa kamera akiitwa nyumbani, neno lake la kwanza ni idadi. Unataka nne au nane? Vifaa hivi huuzwa kwa seti, na mwenye nyumba hujikuta akivutana kuhusu bei ya seti kabla hajajiuliza anataka kuona nini. Naamini mazungumzo hayo huanzia pabaya. Mtu wa kipato cha kawaida, aliyejenga Mbugangari au Rugerero kwa kudunduliza, anunue kamera mbili nzuri, na pesa inayobaki aitie kwenye betri, kinga ya radi na diski. Mfumo wa namna hiyo utamfaa siku ya tukio kuliko macho manane ukutani yanayozimika umeme ukikatika.

Gisenyi ni mji wa Rwanda ulio mpakani. Goma ya Kongo iko hatua chache, na makumi ya maelfu ya watu wamekuwa wakivuka kituo cha mpaka cha Petite Barrière kwa siku moja, wengi wao akina mama wenye mizigo ya mboga, mayai na nguo. Mji unaopitisha watu wengi hivyo hauwezi kumjua kila anayepita mtaani. Wakazi wa wilaya yetu ya Rubavu wanakumbuka pia kundi la vijana wanyang'anyi waliojulikana kwa jina la Abuzukuru ba Shitani, na hofu waliyoitia kwenye njia za jioni. Lakini wizi unaowasumbua watu majumbani ni wa kawaida zaidi: mtu anaruka ukuta wa mawe meusi, anabeba mtungi wa gesi, anaanua nguo kwenye kamba, au anapitisha mkono dirishani na kuondoka na simu iliyokuwa kwenye chaji.

Dhidi ya mtu huyo ulinzi wa kwanza upo tayari. Ni irondo, doria ya usiku ambayo kaya huichangia kila mwezi, pamoja na majirani wa isibo moja, yaani kundi la kaya za karibu, wanaofahamiana kwa sura. Kamera haimkimbizi wala kumkamata mtu. Kazi yake ni kumpa mkuu wa mudugudu (kijiji), na baadaye mpelelezi wa RIB, idara ya upelelezi ya Rwanda, sura inayoweza kutambulika. Ikishindwa hapo, imeshindwa yote. Kwa hiyo kila franga ipimwe kwa swali moja: je, uso utaonekana?

Jibu lake lina hesabu, na hesabu hiyo si ngumu. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014 kilisema kwamba ili umtambue mtu usiyemjua, picha iwe na pikseli 250 kwa kila mita ya upana. Kwa mtu unayemfahamu 125 zinatosha. Kujua tu kwamba kuna mtu kunahitaji 25. Kamera ya megapikseli mbili, ambayo ndiyo ya bei nafuu, ina pikseli 1,920 kwa upana. Zigawe kwa 250, utaona kwamba eneo linaloonekana lisizidi mita saba na nusu hivi, la sivyo uso wa mgeni unapotea. Sasa tazama lenzi. Lenzi ya milimita 2.8, inayokuja na seti nyingi za bei ya chini, huona kwa upana mkubwa sana. Mtu akiwa umbali wa mita tatu tu, tayari upana huo umefikiwa. Akiwa mita kumi mbele ya kamera, utaona kivuli cha mwanadamu chenye miguu miwili, basi. Lenzi ya milimita 6 huona eneo jembamba zaidi, lakini hushika uso mpaka mita saba au nane.

Ndiyo maana nasema mbili. Ya kwanza, yenye lenzi ya milimita 4 au 6, ilenge lango au ile sehemu ya ukuta ambayo kila mtu mtaani anajua ndiyo rahisi kurukwa. Ya pili, ya 2.8, ikae barazani karibu na mlango, ambapo mtu hulazimika kusogea. Zifungwe kimo cha mita mbili na nusu hivi. Mafundi hupenda kuzipandisha chini ya paa ili zisiibiwe, na matokeo yake ni mkusanyo wa picha za kofia.

Usiku ndio mtihani wenyewe. Kamera hizi hujiangazia kwa miale ya infraredi ambayo jicho halioni, na pembezoni mwa lenzi ndipo buibui hupenda kutega. Uzi mmoja wa utando ukipita mbele ya kioo hung'aa mweupe kama waya wa moto, picha nzima inafifia nyuma yake, na simu yako inalia kila upepo unapoutikisa. Wadudu huja pia, wakifuata taa. Kitambaa laini mara moja kwa wiki kinatosha. Taa ya kawaida ikiwekwa mita chache pembeni, mbali na kamera, inasaidia mara mbili: wadudu huhamia huko, na picha hupata rangi, hivyo utajua koti lilikuwa jekundu au bluu.

Jambo ambalo sijasikia likitajwa dukani ni radi. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare, upande wa pili wa ziwa Kivu huko Kongo, kuwa mahali panapopigwa radi kuliko pote Afrika, miale zaidi ya 200 kwa kilomita moja ya mraba kila mwaka. Duniani ilitanguliwa na ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Sisi tunaishi kwenye ziwa lilelile. Radi haihitaji kuipiga nyumba yako. Ikianguka jirani, waya mrefu wa shaba uliotandazwa ukutani mpaka langoni huokota msukumo wa umeme na kuupeleka moja kwa moja kwenye rekoda, mashine inayohifadhi picha. Kwa hiyo waya upite ndani ya bomba na uwe mfupi iwezekanavyo, kila mwisho uwe na kifaa cha kukinga msukumo, na waya wa ardhi uwe wa kweli. Ardhi yetu ya mawe ya volkeno haipitishi umeme vizuri, hivyo fimbo iliyochomekwa kidogo juujuu haisaidii. Ichimbiwe mpaka ifikie udongo wenye unyevu. Atakayekuambia hayo ni gharama isiyo ya lazima, muulize rekoda mpya ni bei gani.

Kuhusu umeme, kamera mbili, rekoda na ruta pamoja hula wati 30 hivi. Betri ya volti 12 na saa-ampea 50 ina wati-saa 600. Ukitumia nusu yake tu ili idumu, una saa kumi, yaani usiku mzima bila umeme wa kashi pawa. Kamera nane zingehitaji betri kubwa zaidi kwa usiku uleule. Kumbukumbu nayo hufuata hesabu hiyohiyo. Kamera moja inayorekodi kwa megabiti mbili kwa sekunde hujaza gigabaiti 21.6 kwa siku. Diski ya terabaiti moja inabeba siku 23 za kamera mbili, lakini za kamera nane hazifiki sita. Mwenye nane anayekwenda msiba Musanze akarudi baada ya wiki anaweza kukuta picha za siku ya wizi zimeshafutwa na nyingine kuandikwa juu yake.

Kwa asiyeweza hata hizo, kamera moja ya waifai yenye kadi ndani yake ni mwanzo wa heshima. Ajue tu kwamba mwizi akiing'oa ameondoka na ushahidi, hivyo iwekwe ndani ya nondo za dirisha ikitazama nje. Kioo chake kiachwe wazi, kwa kuwa infraredi ikigonga kioo hurudi na kuipofusha. Kamera za laini ya simu zenye paneli ya jua zinafaa shambani. Lakini kuitazama moja saa 24 kwa siku kwa megabiti moja tu kwa sekunde ni gigabaiti 10.8, na hakuna kifurushi cha mtu wa kawaida kitakachostahimili hilo.

Kuna hatari ambayo haiji kwa kuruka ukuta. Mwaka 2016 programu iliyoitwa Mirai iliteka maelfu ya kamera na rekoda duniani kwa kujaribu tu orodha ya maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60, kisha Oktoba ikazitumia kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani hadi Twitter na Netflix zikawa hazifunguki. Februari 2024 wateja wapatao 13,000 wa kamera za Wyze walionyeshwa picha za kamera zisizo zao. Neno la siri alichague mwenye nyumba, mbele ya fundi, na akaunti ifunguliwe kwa namba yake mwenyewe. Na kamera isiingie vyumbani. Msichana wa kazi na mlinzi wana haki ya kubadilisha nguo bila kutazamwa.

Jirani naye ana haki hiyo. Viwanja vya mjini vimebanana, na kamera ikiinuliwa kidogo tu inachungulia uani kwa mwingine. Rwanda ina Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inayolinda taarifa binafsi na faragha, na anayepangisha vyumba kwa wageni aisome kwa makini zaidi. Lakini kabla ya sheria kuna ujirani. Mwambie mwenzako unaweka nini, mwonyeshe kwenye simu kinachoonekana, na rekoda nyingi zina njia ya kufunika kipande cha picha kwa rangi nyeusi. Jirani aliyeshirikishwa ndiye atakayetoka ukimpigia simu saa nane usiku. Majanga yametufundisha hilo. Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, mitetemeko ilipasua nyumba na barabara hapa kwetu. Tarehe 27 Januari 2025 makombora kutoka vita vya Goma yaliua watu Gisenyi. Siku kama hizo mtu huondoka na watoto na kuacha kila kitu, na jirani aliyebaki ana thamani kuliko picha iliyo kwenye simu.

Fundi akimaliza, usimlipe yote mchana. Mlipe sehemu, dai risiti ya EBM, ile ya mashine ya kodi, umwombe arudi saa mbili usiku. Zimeni umeme wa nyumba. Kijana mmoja avae kofia, aingie langoni kwa haraka, asogee barazani, atoke. Fundi akutolee kipande hicho kutoka kwenye rekoda, akiweke kwenye flashi, nawe ukifungue kwenye simu na umwonyeshe mtu asiyemjua kijana huyo. Kisha waite vijana watatu, yeye akiwa mmoja wao. Mtazamaji akimtaja aliye sahihi, mmalizie fundi pesa yake. Akishindwa, fundi apande ngazi usiku huohuo abadilishe pembe au lenzi.