Akiba ya Barua Pepe Nje ya Mtandao

Kwa mhudumu wa afya wa Mbulu au Hanang, mkoani Manyara, kisanduku cha barua pepe kimekuwa kabati la nyaraka. Humo mna barua ya udahili, mkataba wa ajira, nakala za vyeti na mashauriano na mabingwa walio mbali. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza kutoa huduma mwaka 1955 na ambayo kwa miaka mingi imeshirikiana na watafiti wa ng'ambo, mawasiliano ya namna hiyo ni sehemu ya kazi. Hata hivyo, wengi huliacha kabati lote mikononi mwa kampuni moja, na ufunguo wake ni nywila moja.

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilizolazwa chini ya bahari zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchini Tanzania. Barua hazikupotea, lakini aliyezihitaji siku hiyo alipata shida kuzifikia. Upo pia upotevu wenyewe. Februari 2011, kasoro ya programu ilifuta barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail. Google ilizirejesha kutoka kwenye kanda za sumaku: kwa kuwa kanda hizo hazikuwa zimeunganishwa na mtandao, kasoro haikuzifikia. Aidha, tangu Desemba 2023 kampuni hiyo inaweza kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2.

Wapo wanaodhani kuwa barua zinazoonekana kwenye simu ni nakala rudufu. Sivyo. Kwa kawaida simu ni kioo cha kilichomo kwenye seva. Barua ikifutwa na mwenyewe kwa bahati mbaya, au na mwizi wa nywila, kioo nacho huifuta. Nakala ya kweli ni ile isiyofuata mabadiliko ya seva.

Kuitengeneza si kazi ngumu. Mwenye Gmail anaweza kutumia huduma ya Google Takeout, inayomwezesha kupakua barua zote na viambatisho vyake katika faili la mfumo wa mbox. Njia nyingine ni programu ya bure ya Thunderbird. Humo, barua zinakiliwe kwenye makabrasha yanayokaa ndani ya kompyuta yenyewe, kwani makabrasha ya akaunti huendelea kufuata seva. Palipo na mtandao hafifu, kazi hiyo ifanywe usiku, kwa mafungu ya mwaka mmoja mmoja. Kisha nakala ihamishiwe kwenye diski ya nje, na diski ichomolewe. Ikiachwa imechomekwa, kirusi kitakachoishambulia kompyuta kitaifikia nayo.

Diski moja haitoshi. Tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliuvamia mji wa Katesh na vijiji jirani, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Hakuna waraka unaolinganishwa na uhai. Lakini anayenusurika hulazimika kuanza upya, na vyeti vya masomo na mkataba wa kazi ni miongoni mwa vitu vya kwanza atakavyoulizwa. Kwa hiyo mkazi wa Katesh aweke diski ya pili Babati au Haydom, kwa ndugu anayemwamini.

Diski inayosafiri inaweza pia kuibwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Picha ya kidonda au majibu ya maabara ya mgonjwa hayapaswi kukaa katika barua pepe binafsi. Yaliyokwisha kuingia yaondolewe kwa kufuata utaratibu wa kituo kabla ya kunakili. Diski yenyewe ifungwe kwa usimbaji fiche, kwa mfano kwa programu ya bure ya VeraCrypt, na nywila yake iandikwe na kutunzwa mbali nayo. Nywila ikisahauliwa, hakuna wa kuifungua.

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Akiba ya kielektroniki huoza: flashi huharibika na diski huchakaa. Kila baada ya miezi 3 nakala iongezewe barua mpya, kisha intaneti izimwe na barua chache za zamani zifunguliwe pamoja na viambatisho vyake. Zikifunguka, akiba ipo.