Kibarua cha Ng'ambo Hakilipi Karo

Jioni moja, nyumbani kwangu Nyalenda, alinijia mama jirani ambaye huuza omena kando ya Ring Road. Mkononi alishika barua ya mwanawe ya kukubaliwa katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza. "Japuonj," aliniambia, yaani mwalimu, "wakala asema nilipe karo ya mwanzo tu. Iliyobaki kijana atajilipia kwa kibarua huko huko." Alitaka nimsomee barua ile, kisha auze kipande cha ardhi alichoachiwa na marehemu mumewe.

Sisi wanaisimu husema kwamba neno kibarua lilizaliwa na neno barua: kilikuwa kile cheti kidogo alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili zihesabiwe siku zake. Huko ng'ambo neno hili limerudia asili yake. Mwanafunzi mgeni hafanyi kazi kwa kuwa ana nguvu, bali kwa kuwa cheti chake kinamruhusu, tena kwa kiasi kilichoandikwa.

Je, vyeti hivyo vyasemaje? Nchini Uingereza mwanafunzi wa shahada huruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, wala haruhusiwi kujiajiri. Saa hizo hazilimbikizwi: aliyefanya 10 wiki hii na 30 wiki ijayo amevunja sheria. Marekani nayo huweka saa 20, ndani ya chuo chenyewe. Kazi ya nje kwa kawaida haipatikani katika mwaka wa kwanza. Kanada iliongeza kutoka saa 20 hadi 24 mnamo Novemba 2024. Australia, tangu Julai 2023, huhesabu saa 48 kwa wiki mbili, na Ufini huhesabu 30 kwa wiki, lakini kwa wastani. Kwa hiyo tofauti kati ya "kila wiki" na "kwa wastani" si ya sarufi tu. Yaweza kuwa tofauti ya kubaki chuoni na kurudishwa nyumbani.

Hebu tupige hesabu. Mnamo Aprili 2025, kima cha chini cha mshahara Uingereza kwa mwenye umri wa miaka 21 na zaidi kilifikia pauni 12.21 kwa saa. Saa 20 kwa wiki nne ni pauni 976.80, kabla ya makato. Mwaka huo huo, tangu Januari, serikali hiyo hiyo ilimtaka mwanafunzi wa London aonyeshe pauni 1,483 za matumizi ya kila mwezi, mbali na karo. Basi hata asiyekosa kazi siku moja hawezi kujikimu, sembuse kulipa karo!

Yamkini wazee watauliza: mbona vijana waliosafirishwa kwenda Marekani na Tom Mboya, mwana wa Rusinga, kuanzia mwaka 1959, walifanya vibarua na wakarudi na shahada? Ni kweli, wapo waliofanya. Hata hivyo, nauli yao ilichangwa na wafadhili, na vyuo vingi viliwapa msaada wa masomo. Kibarua kilikuwa kitoweo, hakikuwa ugali.

Anayezidisha saa huingia katika utumwa wa aina yake. Akipunjwa ujira, ataogopa kushtaki, kwani kushtaki ni kujifichua. Akilala darasani na kuanguka mtihani, atapoteza shahada na ruhusa ya kukaa pamoja. Nyumbani nako shamba limekwisha kwenda.

Lawama haiwaendei mawakala pekee. Sisi walimu huwafunza vijana ufahamu kwa hadithi za sungura na fisi, lakini hatuwapi hata mara moja masharti ya viza wayasome, wayachambue na kuyafupisha. Zoezi kama hilo lingewaokoa wengi. Mwanafunzi naye amwambie mzazi wake ukweli wa hesabu kabla ya kutia sahihi.

Nilipomaliza kumsomea, mama yule alinyamaza kwa muda. "Kwa hivyo mtoto asiende?" akauliza.

"Aende, mama," nikamjibu, "lakini hesabu ya karo na chakula itimie bila ule mshahara. Ikitimia, kibarua kitakuwa nyongeza. Isipotimia, tumtafutie ufadhili, au aanzie chuo cha hapa kwetu."

Aliikunja barua taratibu, akaenda zake. Ardhi ile hadi leo haijauzwa, na kijana bado anaandika maombi ya ufadhili.