Darasa Lenye Kazi Halina Fujo

Mashauri kwa Walimu na Wazazi wa Garsen na Nchi ya Mto Tana

Mtu apitaye karibu na shule akasikia kimya, husema, "Mwalimu wa hapa ni hodari." Pengine ni kweli, na pengine sivyo. Watoto huweza kunyamaza kwa sababu wanafanya kazi. Huweza pia kunyamaza kwa sababu wana hofu, wana usingizi, au hawafahamu yanayosemwa. Basi kazi ya mwalimu si kunyamazisha watoto tu, bali ni kuzishika nia zao tangu kengele ya kwanza hata ya mwisho.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika nchi ya Mto Tana. Mtoto wa mfugaji ana ng'ombe wanaomngoja malishoni, na mtoto wa mkulima ana shamba kando ya mto ambalo ndege na nyani hulivamia. Asipoona faida ya kukaa darasani, siku moja atakwenda zake, na huenda asirudi tena.

FIMBO SI DAWA

Zamani walimu wengi walitegemea fimbo. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza kumtesa mwanafunzi au kumpa adhabu ya kumdhalilisha, ya mwili au ya moyo. Avunjaye sheria hiyo aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa muda usiozidi miezi 6, au yote mawili. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, fimbo ina upungufu wake: yaweza kumnyamazisha mtoto, wala haiwezi kumfahamisha hesabu.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Jacob Kounin, aliyachunguza madarasa kwa kuyapiga picha za video, akatoa kitabu mwaka 1970. Alitaka kujua jinsi walimu wenye madarasa matulivu wanavyowakemea wakosaji. Akaona ya kuwa katika kukemea hawakutofautiana sana na walimu wenye madarasa ya fujo. Tofauti ilikuwa katika mambo wayafanyayo kabla ya kosa kutokea. Walimu wale hodari waliliona darasa zima hata walipokuwa wakimsaidia mtoto mmoja. Nao walitoka somo moja hadi jingine pasipo kuwaacha watoto bila kazi.

Hapa ndipo mwalimu apaswapo kuanza. Ubao uandikwe kabla watoto hawajaingia. Wamalizao upesi wawe na kazi ya pili inayowangoja. Mwalimu asimame mahali atakapowaona wote, tena atembee hadi safu ya nyuma, kwa maana huko ndiko usingizi na mchezo huanzia.

ANZA NA WANAYOYAJUA

Mtoto wa Garsen hahitaji kufundishwa hesabu kwa mifano ya mbali. Mwulize hivi: "Mtumbwi huchukua abiria 6 kwa safari moja. Abiria 30 wataka kuvuka mto. Mtumbwi utavusha mara ngapi?" Au hivi: "Mzee ana ng'ombe 24, na kila ng'ombe hunywa madebe 2 ya maji kwa siku. Yahitajiwa madebe mangapi?" Watoto ambao wangalisinzia watashindana kujibu, mara 5 na madebe 48, kwa kuwa mambo hayo wameyaona kwa macho yao. Wakishazoea hesabu ya mtumbwi na ya ng'ombe, hesabu ya kitabuni haitawatisha.

NAMNA YA KUULIZA

Walimu wengi humtaja mtoto kwanza, kisha huuliza swali. Mara wale wengine wote hupumzika, maana wanajua swali si lao. Yafaa kuuliza kwanza, kungoja kidogo, halafu ndipo kutaja jina. Kwa njia hiyo kila mtoto hutafuta jibu moyoni mwake.

Huko kungoja ni jambo kubwa. Mtaalamu mwingine wa Marekani, Mary Budd Rowe, aligundua katika miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida hungoja kiasi cha sekunde moja tu kabla ya kusema tena. Walipongoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalikuwa marefu na yenye maana zaidi, na watoto waliozoea kunyamaza walianza kusema. Wahenga walikwisha kusema kwamba haraka haraka haina baraka.

LUGHA

Kipokomo ni jamaa ya karibu ya Kiswahili, lakini lugha ya Waorma na Wawardei ni ya ukoo mwingine kabisa. Mtoto wa mfugaji aingiapo darasa la kwanza huenda asifahamu neno hata moja, akakaa kimya, na mwalimu akadhani ana adabu. Neno jipya lisemwe pamoja na kitu chenyewe kuonyeshwa. Tena mtoto huyo akalishwe na mwenzake ajuaye lugha zote mbili, apate kumweleza kwa sauti ya chini. Mnong'ono wa namna hiyo si fujo, ni masomo.

JUA NA NJAA

Joto la mchana katika nchi hii ni kali, na mtoto mwenye njaa hasikii. Masomo magumu, kama hesabu na kusoma, yafaa yawe asubuhi mapema. Saa za mchana ziwe za kazi za mikono, hadithi, nyimbo na kusoma kwa vikundi. Mwalimu aonapo macho yanafumba, na awasimamishe watoto wote dakika mbili, wahesabu kwa kupiga makofi, kisha waendelee.

KUKETI PAMOJA

Mwaka 2012 na mwanzo wa mwaka 2013, mapigano baina ya Wapokomo na Waorma yaliua zaidi ya watu 100 katika vijiji vya Tana Delta. Watoto wengi walio katika shule za msingi leo hawakuwa wamezaliwa, lakini habari hizo huzisikia nyumbani. Watoto wakiachwa wakae kikabila, darasa hugawanyika, na utani mdogo hugeuka ugomvi. Basi mwalimu avichanganye vikundi vya kazi, na uongozi wa kikundi uwe wa zamu, kila juma mtoto mwingine. Watoto wanaotafuta jibu moja pamoja husahau kutazamana kwa shaka.

AKIRUDI ALIYEKUWA MBALI

Ukame huwahamisha wafugaji, na mafuriko huwahamisha wakulima. Mafuriko ya Novemba 2023 yaliwatoa watu wengi makwao, na mwezi wa Mei 2024 shule za Kenya nzima zilichelewa kufunguliwa kwa sababu ya mvua. Mtoto arudiye baada ya majuma mengi asihojiwe mbele ya wenzake kama mshtakiwa. Apewe mwenzake wa kumwonyesha daftari, na mwalimu amtengee dakika chache kila siku mpaka awafikie wengine. Asiyefahamu lolote hana budi kucheza, au kukimbia.

KWA WAZAZI

Mwalimu hawezi peke yake. Mzazi amlaze mtoto mapema, ampe chochote cha kula kabla ya kwenda shule, na jioni amwulize, "Leo umejifunza nini?" Asiyejua kusoma pia aweza kuuliza swali hilo. Mtoto ajuaye kwamba ataulizwa nyumbani husikiliza darasani. Na kazi za mifugo na za shamba zingoje mpaka kengele ya mwisho imelia.